Karani wa Hewani wa Mtaa wa Narung'ombe

Si kweli kwamba Swaumu binti Fikirini aliwekwa kinyumba na Mhindi. Si kweli kwamba alikuwa akiomba fedha kwa Wazungu kupitia kompyuta, wala hakuwa dalali wa kuwauza wagonjwa India. Maneno hayo yamezunguka muda mrefu. Yalitoka Mtaa wa Narung'ombe yakafika Gerezani, yakavuka Jangwani mpaka Magomeni, na kila yalipopita yaliongezwa chumvi. Watu husema lisemwalo lipo. Wakati mwingine lisemwalo halipo kabisa, na kilichopo ni mdomo wa anayelisema. Ama lile kubwa kuliko yote, kwamba alimuua mwanamke wa watu kwa kumtibu kwa kompyuta, litafika mahali pake hapa hapa, likiwa na mwanzo wake na mwisho wake, ili kila aliyelibeba apate kulitua.

Swaumu ni mtoto wa nyumba inayojulikana hapa Narung'ombe. Baba yake, marehemu mzee Fikirini, alikuwa mkalimani wa mahakama. Alisimama kati ya hakimu na mshitakiwa miaka mingi, na hakurudi nyumbani hata siku moja na kesi ya mtu mdomoni. Mama yake, Bi. Sitara, alikuwa mwalimu mkuu, na nusu ya wanaomsengenya binti yake leo walijifunza kusoma mbele ya ubao wake. Mtoto aliyelelewa baina ya watu wawili hao hakuokotwa jalalani.

Alisomea uhazili, akafaulu, akaajiriwa na shirika moja la umma lililokuwa na ofisi zake Posta. Alikuwa na meza yake, taipureta yake na kikombe chake cha chai, na alidhani atastaafia pale kama walivyostaafu wakubwa zake. Kisha soko huria likaingia kwa kishindo. Mashirika yakauzwa, mengine yakafungwa milango, na watu wazima wenye heshima zao wakajikuta wamesimama mbele ya ubao wa matangazo wakitafuta majina yao miongoni mwa waliopunguzwa. Jina la Swaumu lilikuwamo. Bi. Sitara, ambaye mumewe alikuwa amefariki muda si mrefu kabla ya hapo, hakulia wala hakulaani serikali. Alimwambia binti yake, "Umepoteza kiti. Elimu unayo." Wakaendelea kula.

Kariakoo ya wakati huo ilikuwa inabadilika mbele ya macho ya watu. Bidhaa zilizokuwa zikipatikana kwa kujuana sasa zilining'inia mpaka barabarani. Nyumba za vyumba sita zenye baraza zilibomolewa, maghorofa yakaota mahali pake. Katika mojawapo ya majengo ya zamani, Mtaa wa Uhuru, palikuwa na duka la vitambaa la familia ya Kihindi ya Upanga. Kijana wao aliyeitwa Kalpesh alitoa marobota ya vitenge ghorofani, akapiga rangi, akapanga kompyuta, akaandika ukutani: intaneti kafe. Wazee wa mtaa walipanda kutazama, wakashuka wakisema hawakuona kitu juu kule ila vijana wanaokodolea macho vioo.

Swaumu alipanda kwa sababu alitaka kuchapa barua za kuombea kazi. Kalpesh alimwona anavyochapa bila kutazama vidole, akamwomba awasaidie wateja wasiojua. Kutoka hapo mambo yakajileta yenyewe. Mwanafunzi aliyekuwa ng'ambo alitaka mtu wa kumfuatilia cheti chake. Wazee wawili waliohamia Uingereza walitaka mtu wa kuwaandikia hali ya nyumba yao waliyoipangisha Upanga. Binamu yake Kalpesh, Paras, mfanyabiashara aliyekuwa Dubai, alitaka kujua kila wiki ni kitambaa gani kinachogombewa Kariakoo na kipi kimelala dukani. Wote hao Swaumu aliwafanyia kazi bila kuwaona sura. Aliketi kiti kile kile karibu na dirisha, chini wachuuzi wakipiga kelele za bei, na yeye akawa mguu na mkono wa watu walioko nchi ambazo hajawahi kuzikanyaga. Kalpesh alimwita karani wa hewani kwa utani. Jina likashuka ngazi, likamtangulia nyumbani.

Siku ya kwanza aliyopokea jibu kutoka Uingereza, alikuwa ameshuka kununua maandazi. Aliporudi, barua ilikuwa imekwishafika kwenye kompyuta, majibu ya barua aliyoituma akiwa bado na njaa. Alisimama na mfuko wa karatasi mkononi, mafuta yakipenya. Alikumbuka baba yake alivyokuwa akingoja barua ya kaka yake wa Unguja mpaka mwezi unakwisha, na huko ni kuvuka maji kidogo tu. Aliitazama ile skrini kama watu wanavyoutazama mwezi wa mfungo unapoandama, ule uzi mwembamba wa mwanga ambao mtu huogopa hata kuuonyesha kwa kidole.

"Dada Swaumu, kaa. Maandazi yanachafua sakafu," Kalpesh alisema.

"Nimeandika sasa hivi tu, Kalpesh."

"Ndiyo. Na amejibu sasa hivi tu. Ndiyo kazi yake hii kitu."

Kwake Kalpesh ilikuwa kazi ya kile kitu. Kwa Swaumu haikupoteza ajabu yake hata baadaye, alipokuwa ameizoea.

Lakini mtu anayefanya kila kitu huchoka kwa kila kitu. Asubuhi alifuatilia cheti, mchana alihesabu marobota dukani kwa watu, jioni alimwandikia mtu hotuba ya harusi. Siku moja Kalpesh alimketisha.

"Nikuulize. Ukitaka kanga unaenda wapi?"

"Si hapo Uhuru."

"Ukitaka betri ya gari?"

"Gerezani."

"Nazi, dagaa?"

"Sokoni chini. Kalpesh, unataka kunituma?"

"Sitaki kukutuma. Nataka uone. Kariakoo nzima kila mtaa una kitu chake, na mtu anatoka Mbeya na basi, hajui mji, lakini anajua mtaa. Wewe dada ni mtaa gani? Mteja akilala kitandani kwake huko alipo, akisema hili nampa Swaumu, hili ni lipi?"

Swaumu alirudi kwenye hotuba ya harusi. Jibu lilitoka kwa Paras wa Dubai. Aliandika kwamba anamtaka awe wake peke yake, kazi iwe vitambaa na mizigo tu, na akampa mpaka mwisho wa mwezi afikirie. Bi. Sitara alipoelezwa alifurahi kwa namna yake, yaani alinyoosha mtandio na kusema ni kazi inayoeleweka.

Tatizo ni kwamba wakati huo huo palikuwa na kazi nyingine. Ndugu wa akina Kalpesh upande wa mama alikuwa daktari wa moyo huko Ahmedabad, India. Aliitwa Daktari Hinal. Hospitali aliyofanyia kazi ilipokea wagonjwa kutoka Dar es Salaam, Wahindi wa Upanga na Waswahili wa kila upande, ambao ndugu na waajiri wao waliwachangia nauli na matibabu. Walipasuliwa, wakapona, wakarudi nyumbani. Na wakisharudi, daktari hakuwaona tena. Daktari Hinal alitaka mtu wa Dar awe anawauliza hali na kumwandikia, ili kama dawa inataka kubadilishwa ajue. Alimwomba Swaumu. Swaumu aliifanya kazi hiyo kando ya nyingine, kwa simu ya kafe, kila baada ya siku kadhaa.

"Chukua ya Dubai," Bi. Sitara alimwambia walipokuwa wakichambua mchele. "Kitambaa hakifi."

"Hata hawa, mama, hawafi. Wote hawajambo."

"Leo. Siku atakapokufa mmoja, watu hawatasema kafa kwa moyo. Watasema kafa mkononi mwa binti Fikirini."

Swaumu aliendelea kuchambua. Aliona mama yake amesema kweli, na aliamua moyoni kwamba mwisho wa mwezi atamjibu Paras ndiyo.

Miongoni mwa wagonjwa wa Daktari Hinal alikuwamo mwanamke wa Magomeni. Hapa ataitwa Theopista, na mumewe ataitwa Vitalis, na anayedhani hayo ndiyo majina yao anajidanganya. Ndani ya moyo wa mtu kuna milango midogo inayoiruhusu damu kupita na kuizuia isirudi. Mlango mmoja wa moyo wa Theopista uliharibika tangu utotoni, kwa homa ambayo hakuna aliyeijali wakati ule. Kule Ahmedabad walimwekea mwingine wa kutengenezwa, na wakampa vidonge vya kuzuia damu isigande kwenye mlango huo. Vidonge hivyo alitakiwa avimeze kila siku ya maisha yake.

Vitalis alifanya kazi ofisi moja ya Posta yenye simu, na huko ndiko Swaumu alikopiga.

"Shemeji, habari za leo?"

"Nzuri, shemeji. Za Kariakoo?"

"Salama. Mgonjwa wetu hajambo?"

"Hajambo kabisa. Anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu."

"Msalimie."

"Zimefika."

Swaumu aliandika kwa Daktari Hinal kwamba mgonjwa hajambo, anaendelea vizuri. Hakuongeza wala hakupunguza. Aliwapigia na wa Upanga, na wa Ilala, na wote hawakuwa na jambo. Miezi ikapita hivyo.

Kisha asubuhi moja ya Jumamosi, mwisho wa mwezi ukiwa umekaribia, alikuta barua ya Daktari Hinal iliyokuwa fupi kuliko zote. Daktari aliandika kwamba ana wagonjwa Uganda, Oman na vijijini kwao Gujarat, na wote humlalamikia: huyu miguu, huyu usingizi, huyu dawa inamchafua tumbo. Wa Dar es Salaam tu ndio hawajawahi kuumwa na kitu tangu warudi. "Ama mji wenu una baraka zisizo kwingine," aliandika, "ama kuna kitu hatuambiwi. Tafadhali nisaidie kujua ni lipi."

Swaumu aliisoma akiwa amesimama. Alianza kujibu, akafuta. Mara ikamjia picha ya baba yake katika ugonjwa wake wa mwisho. Mzee alikuwa hawezi kugeuka kitandani, na kila aliyeingia akimuuliza "Hujambo, mzee Fikirini?" alijibiwa "Sijambo, alhamdulillahi." Walioharakisha walitoka wakisema mzee kapata nafuu. Walioketi, wakanywa maji, wakauliza habari za watoto, wakanyamaza, ndio waliosikia mzee akisema taratibu, "Ila huu upande wa kushoto..."

Ndivyo watu wa hapa walivyo. Salamu hujibiwa kwa heri hata nyumba ikiwa inawaka, kwa sababu mtu humjibu kwanza Mungu aliyemfikisha asubuhi, kisha ndipo humjibu aliyeuliza. Lenye uzito huja baadaye, mgeni akishaketi. Na simu ya ofisini haina mahali pa kuketi. Swaumu alijua hayo tangu kuzaliwa, na miezi yote hiyo alikuwa amechukua salamu za watu akazipeleka kwa daktari wa moyo kama habari.

Hakumjibu Daktari Hinal. Alifunga mkoba, akaenda Magomeni.

Theopista alikuwa amekaa ukumbini kwenye kiti cha kuegemea, nywele zimesukwa vizuri, kitenge kipya. Vitalis alikuwapo, akisoma gazeti.

"Karibu, dada Swaumu. Leo umetukumbuka," Theopista alisema.

"Nimewakumbuka, dada Theo. Hujambo?"

"Sijambo. Namshukuru Mungu."

Vitalis alikunja gazeti akicheka. "Si nilikwambia kwenye simu, shemeji? Ripoti yangu haina kasoro. Mimi ndiye daktari wa zamu."

"Nimekuja kumkagua daktari," Swaumu alisema, wakacheka wote.

Akaketi. Akauliza watoto, akaulizwa mama yake. Walizungumzia mvua iliyoharibu barabara ya Jangwani. Chai ilikuwa kwenye chupa juu ya meza, na Theopista, mwenye nyumba, alinyoosha mkono ammiminie mgeni. Aliinyanyua chupa, akairudisha chini. Alifungua kinywa kama mtu aliyetoka kupanda mlima, akaangalia pembeni mpaka pumzi ikarudi. Vitalis alichukua chupa akamimina yeye, kimya, kwa mkono uliozoea.

Swaumu alipokea kikombe. Alikunywa chai yake. Aliona mito iliyorundikwa nyuma ya kile kiti, na shuka lililokunjwa chini yake.

"Mito yote hii ya nini, dada Theo?"

"Ndicho kitanda changu siku hizi," Theopista alijibu akitabasamu. "Chumbani namwachia bwana, analala kama mfalme."

Wakanyamaza. Nje mtu alikuwa akipigilia bati. Swaumu alikuwa na mengi ya kuuliza, na aliyazuia yote, kwa sababu aliona midomo ya Theopista inatafuta pa kuanzia.

"Ila," Theopista akasema, "nikilala chali nazama. Kama mtu aliyetupwa majini. Miguu nayo, viatu vimekataa. Na vile vidonge vilikuwa vinanitoa damu kwenye fizi, basi nikawa navipumzisha. Nameza leo, kesho naacha. Baadaye nikaacha zaidi. Sikutaka kumsumbua daktari wa watu, yuko mbali."

"Lakini moyo wenyewe umetulia," Vitalis alisema haraka, kama anayemtetea mkewe. "Hilo ndilo la kushukuru. Mwanzoni aliporudi nilikuwa nausikia, shemeji, tik, tik, tik, kama saa ya mkononi. Nyumba ikinyamaza unausikia mpaka mlangoni. Wiki hii kimya kabisa. Umezoea sasa, umekuwa moyo wake. Tumetoa sadaka kanisani."

Swaumu hakujua maana ya kimya kile. Alijua tu kwamba hakikuwa chake kukieleza, na kwamba lazima kimfikie anayejua kama kilivyo. Aliaga vizuri, maana aliyeaga vibaya huacha hofu nyuma, na alipofika barabarani akachukua teksi.

Kalpesh alikuwa anajiandaa kufunga. Swaumu alikaa akachapa kila alichosikia, kama baba yake alivyokuwa akitafsiri mahakamani, neno kwa neno: chupa ya chai, mito, viatu, fizi, vidonge vilivyopumzishwa, sauti iliyokoma, sadaka ya shukrani. Hakuandika neno hajambo. Alibonyeza, barua ikaenda.

Jibu lilifika kabla Kalpesh hajamaliza kuzima kompyuta za safu ya nyuma. Mpeleke hospitali sasa hivi. Usingoje Jumatatu. Nipe simu ya daktari wa zamu, nitazungumza naye mwenyewe. Kimya hicho ndicho ninachokiogopa kuliko vyote: damu imeganda kwenye mlango, na mlango unakwama.

Kalpesh alisoma juu ya bega lake. Hakutania. Alichukua funguo za pikapu ya dukani.

Vitalis aliwatokea mlangoni na hakuwapisha. "Dada, mgonjwa hajambo. Umekaa naye mwenyewe, umeona. Utamtia hofu bure, na hofu ndiyo itakayomuua."

"Shemeji, daktari amesema sasa."

"Daktari yuko India. Mimi ndiye ninayelala naye nyumba moja."

"Vitalis," Theopista aliita kutoka ndani. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi sijambo kwa watu. Wewe unajua kwamba silali."

Vitalis aliuondoa mkono kwenye fremu ya mlango. Kisha akageuka, akaingia, akamwinua mkewe.

Mvua ya manyunyu ilikuwa imeanza. Walimlaza nusu ameketi nyuma ya pikapu, Vitalis akimwegemeza kifuani, na Swaumu akamfunika kanga yake ili asilowe. Basi. Hiyo ndiyo maiti ambayo watu wa Magomeni waliiona ikitolewa ndani na binti wa Kariakoo na Mhindi wake. Waliona kanga, hawakusubiri kuona aliye ndani yake. Kabla gari halijafika Upanga, msiba ulikwisha kutangazwa.

Katika hospitali kubwa ya taifa, daktari wa zamu, mwanamke kijana, alimpokea Theopista bila kupoteza muda, na akazungumza kwa simu na Ahmedabad. Madaktari wawili ambao hawajawahi kuonana walielewana kwa maneno machache. Palikuwa na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Ilikuwa ya hatari, ingeweza kufungua mlango na ingeweza kumwaga damu mahali pengine, na Vitalis aliambiwa yote hayo wazi kabla ya kukubali. Alikubali. Kisha wakatolewa nje, yeye na Swaumu, wakaketi kwenye benchi la barazani. Swaumu alifikiria maneno ya mama yake, mkononi mwa binti Fikirini, na akaona kwamba hakuwa akiomba kwa ajili ya jina. Alikuwa akiomba mwanamke yule apate kulala chali.

Kulipokucha waliitwa. Theopista alikuwa amelala, uso umelegea kama wa mtoto. Daktari kijana aliweka kidole midomoni, akawaashiria wakaribie. Wodi ilikuwa bado haijaamka. Swaumu aliinama karibu na kitanda, akajizuia kupumua.

Tik. Tik. Tik.

Ilikuwa sauti ndogo mno, kavu, safi. Ndani ya kifua cha mwanamke wa Magomeni kitu kidogo kilichotengenezwa na watu wasiomjua kilikuwa kikifungua na kufunga, kikifungua na kufunga, na damu ya Theopista ikipita kwa ruhusa yake. Mikono iliyokipandikiza ilikuwa ng'ambo ya bahari. Aliyetambua kwamba kimekwama hakukisikia wala hakukiona. Alisoma tu kwamba kimenyamaza. Na kati ya kifua hiki na macho yale ya mbali hapakuwa na kitu ila chai iliyonywewa polepole na mtu mmoja aliyenyamaza mpaka akaambiwa. Vitalis alikuwa amepiga magoti sakafuni, sikio kwenye godoro, macho amefumba.

Kafe ilipofunguliwa alimwandikia Daktari Hinal sentensi moja: sauti imerudi, nimeisikia mwenyewe. Daktari alijibu kwamba ameisoma kwa sauti mbele ya wauguzi wake wote, na mmoja wao ameomba aisome tena.

Siku hiyo hiyo Swaumu alimwandikia Paras wa Dubai barua ya heshima akamshukuru na kukataa. Kalpesh alipouliza kwa nini, alimjibu, "Uliniuliza mimi mtaa gani. Mimi ni mtaa wa waliorudi."

Tangu hapo hiyo ndiyo kazi yake, hana nyingine. Wagonjwa waliorudi kutoka matibabu ya mbali huandikishwa kwake na madaktari wa hospitali kadhaa. Salamu huwapa, maana asiyesalimia si mtu, lakini majibu ya salamu hamwandikii daktari yeyote. Anauliza: jana umelala upande gani? Kiatu kinakuingia? Umefika sokoni kwa miguu au umetuma mtu? Wanaoishi karibu huwafuata nyumbani, akaketi. Wa mbali huwapigia simu, na akishauliza hunyamaza na kuiacha simu iendelee kula gharama, mpaka upande wa pili mtu aseme ila.

Bi. Sitara alikwenda kumtazama mara moja. Alipanda ngazi za Mtaa wa Uhuru akiwa amevaa vizuri, akakaa kwenye kiti alichopewa na Kalpesh, mkoba mapajani. Alimsikiliza binti yake akizungumza na mzee mmoja wa Upanga, akamwona akichapa, akaona jibu likitokea kwenye kioo kutoka nchi nyingine kabla mzee yule hajakata simu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kalpesh alimuuliza, "Mwalimu, unaonaje?" Akasema, "Nyamaza, anafanya kazi." Kwa wanaomjua Bi. Sitara, hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Na Theopista yu hai. Anakwenda sokoni kwa miguu yake, anapika, anagombana na mumewe kuhusu redio. Wanaotaka kaburi lake watatafuta sana.

Juzi Mama Rajabu, jirani wa nyumba ya tatu, ambaye maneno mengi ya mtaa huu hupumzika kwake kabla ya kuendelea na safari, alifika barazani kwa Bi. Sitara. Alikaribishwa, akapewa chai.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Kaa."

"Mimi nimefurahi sana kusikia yule mama hakufa. Sana. Sasa mwenzangu, kwa faida yetu tu, ni nani? Maana kuna wanaosema ni mke wa yule mpima mizani wa sokoni, na kuna wanaosema ni mtu wa huku huku kwetu, alihamia Magomeni."

"Ni mgonjwa."

"Ndiyo, lakini ana jina."

"Analo."

"Na wewe unalijua."

"Nalijua."

"Basi si useme, Mwalimu, mtu akikutana naye ampe pole?"

"Sisemi, Mama Rajabu. Si leo, si kesho, si kwako, si kwa mwingine. Kunywa chai."